Udaktari bila riba: wajibu wa Serikali na wajibu wa mkopaji

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya Kidato cha Sita, furaha huingia katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, na katika baadhi ya nyumba hizo furaha hiyo haimalizi wiki. Kijana amefaulu fizikia, kemia na baiolojia. Barua ya kumkubali katika masomo ya udaktari imewasili, na ndani ya bahasha hiyo hiyo mna karatasi ya ada. Hapo ndipo mzazi huanza kuhesabu mikarafuu yake, ng'ombe wake na ndugu zake walio ng'ambo, na hesabu isipotimia huulizwa suali ambalo leo tunataka kulitazama kwa makini: je, akope penye riba?

Mzazi mmoja wa Pemba alitueleza shida hii barazani kwa namna ambayo haijatutoka moyoni. Alisema kwamba mwalimu wake wa chuoni alimfundisha kuwa riba ni haramu isiyokuwa na mjadala, na mwalimu wake wa skuli alimfundisha kuwa mtoto wa kike apewe elimu mpaka mwisho wa uwezo wake. Wote wawili aliwaheshimu, na wote wawili aliwaamini. Sasa binti yake amepata nafasi ya kusomea udaktari, na kwa mara ya kwanza katika umri wake mzee huyo anaona kana kwamba walimu wake wawili wanagombana.

Wako watu, na wengine ni maofisa wenye dhamana, wanaodhani kwamba mzee wa namna hii ana ukaidi tu, na kwamba akielimishwa ataelewa. Rai hiyo si sahihi. Katazo la riba limo katika Surat al-Baqara, na hakuna madhehebu ya Kiislamu inayolikana. Mwananchi anayelishika halivunji agizo lolote la nchi. Hapana budi, basi, suala hili litazamwe kama suala la mipango ya Taifa, kwa sababu kila kijana mwenye akili anayeiacha fani ya udaktari kwa kukosa njia ya halali ya kulipia ni daktari mmoja aliyepungua katika wodi ya wazazi huko Chake Chake, Wete au Kivunge.

Tukumbuke tulikotoka. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Serikali ilitangaza elimu bila ya malipo, na mtoto wa mkulima akakaa dawati moja na mtoto wa tajiri. Mwaka 2007 mafunzo ya udaktari yalianza hapa hapa Zanzibar kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Matanzas cha Kuba, na leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinaendelea na kazi hiyo. Mwaka 2011 ilipitishwa sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Hizi si hatua ndogo. Lakini masomo ya udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali, na gharama yake haifanani na ya masomo ya miaka mitatu. Deni la daktari ni refu kuliko deni la wenzake, na deni lililo refu ndilo linaloumwa zaidi na riba.

Tuchukue mfano wa hesabu, ili tusizungumze hewani. Tuseme daktari kijana anamaliza masomo akiwa na deni la shilingi 20,000,000, na mshahara wake kwa mwezi ni shilingi 1,200,000, ambao unakatwa asilimia 15. Kwa mwaka atalipa shilingi 2,160,000, na deni litakwisha kwa muda wa miaka 9 na miezi michache. Sasa deni hilo hilo liongezwe asilimia 6 kila mwaka juu ya kiasi kilichobaki. Katika mwaka wa mwanzo ongezeko peke yake ni shilingi 1,200,000, yaani zaidi ya nusu ya yote aliyoyalipa, na deni litamfuata karibu miaka 14.

Asilimia hiyo 6 hatukuitoa kichwani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilikuwa ikiwatoza wadaiwa wake asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la tozo ya kulinda thamani ya fedha. Jina lilikuwa jengine, lakini Waislamu wengi waliokuwa wakikatwa waliona ndani yake sura ya kitu kile kile. Tarehe 1 Mei 2021, katika Sikukuu ya Wafanyakazi iliyofanyika Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo hiyo. Nchini Kenya, ambako ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wana itikadi kama yetu, bodi ya mikopo ya huko imekuwa ikitoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na malalamiko ya Waislamu wa mwambao juu yake ni ya muda mrefu. Kwa hiyo Tanzania imepiga hatua ambayo wengine bado wanaisubiri, na inafaa tuseme hivyo bila ya kuona haya.

Lakini kufuta tozo ni nusu ya safari, na nusu iliyobaki ina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni wa majina. Sisi watu wa Visiwani tunaujua vizuri, maana uliwahi kutukamata. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wenye mashamba ya mikarafuu walipohitaji fedha, na sheria ya dini ikikataza riba, iliandikwa hati ya bei ya khiari. Mwenye shamba alionekana kuliuza shamba lake kwa mkopeshaji kwa sharti la kulikomboa, huku akiendelea kukaa humo na kulipa kodi kila mwaka. Karatasi ilisema ni mauzo na upangaji, ilhali kila mtu alijua kwamba kodi ile ilikuwa riba iliyovaa kanzu. Mashamba yakaelemewa na madeni, hata ikabidi utawala wa kikoloni utunge sheria mwaka 1934 za kuyazuia yasiwahame wenyewe. Funzo lake ni hili: kubadilisha jina hakubadilishi mzigo. Taasisi yoyote ya leo inayowaletea wazazi mkataba wenye neno la Kiarabu juu na hesabu ya riba chini inarejesha mchezo ule ule.

Hatusemi haya kuzibeza benki zinazofuata sharia. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifungua huduma za Kiislamu mwaka 2011, na biashara ya murabaha, ambapo benki hununua kitu na kukiuza kwa faida iliyotajwa wazi na isiyoongezeka mteja akichelewa, ni biashara ya halali kwa wanavyuoni walio wengi. Lakini murabaha ni biashara, na biashara hutaka faida na dhamana. Binti wa mkulima hana dhamana isipokuwa akili yake. Kwake yeye njia hii ni mlango wa mwisho, na si wa mwanzo.

Mtego wa pili ni wa thamani ya shilingi. Mhasibu wa Serikali atasema, na ana haki ya kusema, kwamba shilingi inayokopeshwa leo haitanunua kitu kile kile itakaporejeshwa baada ya miaka kumi, na kwamba mfuko usioongezwa kitu utayeyuka kama barafu juani. Hoja hii haijibiwi kwa mawaidha peke yake. Jibu lake ni kwamba pengo hilo lizibwe na jamii nzima yenye kufaidika na daktari, wala asibebeshwe mdaiwa peke yake. Na njia za kulizibia zipo.

Kwanza, mkataba wa utumishi. Serikali ilipe ada ya mwanafunzi wa udaktari, naye afunge ahadi ya kufanya kazi kwa idadi maalumu ya miaka katika hospitali na vituo vilivyo na upungufu, iwe Micheweni, Mkoani, Makunduchi au Tumbatu. Hapo hapana fedha inayozaa fedha; pana kazi kwa malipo, na sharia haina ugomvi na hilo. Sharti ni kwamba Serikali nayo itimize upande wake kwa kumpa nyumba ya kukaa, vifaa vya kufanyia kazi, na mshahara usiochelewa.

Pili, wakfu. Mji Mkongwe umejaa majumba yaliyowekwa wakfu na waliotutangulia, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa ajili ya kuyasimamia. Waliotoa majumba hayo walifikiria misikiti, walimu, masikini na wasafiri. Je, wenye uwezo wa zama zetu, wa hapa na walioko Maskati, Dubai na London, watashindwa kuweka wakfu mpya wenye sharti moja tu, kwamba kodi yake isomeshe madaktari? Mtaji wa wakfu hauliwi, na kodi ya nyumba hupanda bei zinapopanda. Hii ndiyo dawa ya ile shilingi inayoyeyuka.

Tatu, utaratibu wa mkopo mwema unaozunguka. Mfano upo na una umri. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha Waislamu wa nchi zisizokuwa wanachama wake, na udaktari ni miongoni mwa fani zilizopewa nafasi ya mbele. Fedha hizo kwa jamii ni msaada, na kwa mwanafunzi ni mkopo usiokuwa na riba. Akishaanza kazi hurejesha kile alichopewa kwa mfuko wa jamii yake, ili asome mwengine. Hakuna sababu ya kuzuia mkoa, wilaya au jumuiya yetu yoyote isianzishe mfuko wa namna hiyo kwa fedha zake wenyewe.

Kwa upande wa Serikali tunaongeza jambo moja. Mkataba wa mkopo uandikwe kwa Kiswahili ambacho mzazi anakifahamu, na ikiwa pana gharama za uendeshaji, zitajwe kwa kiasi chake halisi, shilingi kadhaa kwa kazi kadhaa, zisiwekwe kwa asilimia inayokua na deni. Tusidhani pia kwamba kupitisha sheria ndiyo kumaliza kazi. Uingereza ilipitisha mwaka 2017 sheria iliyoruhusu mfumo wa kuwagharamia wanafunzi Waislamu bila ya riba, lakini miaka ikapita na vijana wakamaliza vyuo bila ya mfumo huo kuanza. Karatasi haimsomeshi mtu.

Na sasa tumgeukie mkopaji, kwa sababu haki isiyokuwa na wajibu ni nusu ya haki. Wapo miongoni mwetu waliokuwa wa mwanzo kupaza sauti juu ya riba, na wa mwisho kuonekana penye dirisha la marejesho. Wengine wamehamia nchi za nje, wana vipato vizuri, na deni la Bodi wameliacha kama nguo kuukuu. Ndugu hao wanapaswa kuambiwa ukweli. Dini iliyomkataza mkopeshaji kuchukua ziada ndiyo iliyomlazimisha mkopaji kurejesha asili. Imesimuliwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataa kumsalia maiti aliyekufa na deni mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Aliye na dhiki kweli ana haki ya kupewa muda mpaka apate wasaa, na hilo nalo limo katika sura ile ile ya al-Baqara. Aliye na uwezo akachelewesha kwa makusudi anafanya dhulma. Na anayemdhulumu ni nani? Ni yule binti wa Pemba anayesubiri fedha hizo zirudi ili naye asome.

Benki yenye riba hujilinda na wasiolipa kwa kuwatoza zaidi wanaolipa. Mfuko usiokuwa na riba hauna kinga hiyo, na kinga yake pekee ni uaminifu wa walionufaika nao. Kwa hiyo kila anayesema kwamba riba ni haramu, na sisi tunasema naye, ajue kwamba ameahidi pia kulipa kwa wakati. Wazee walisema dawa ya deni kulipa. Mkopo mwema ukishindwa kwetu, hautakuwa umeshindwa na mabenki. Tutakuwa tumeuua kwa mikono yetu wenyewe, na wale wanaosema kwamba hakuna uchumi bila ya riba watapata ushahidi wao.

Kwa ajili hiyo tunatoa wito. Wizara zinazohusika na elimu, afya na fedha zikae pamoja na Ofisi ya Mufti na Kamisheni ya Wakfu, ziandae mpango mmoja wa kuwasomesha madaktari wa Visiwani, wenye mkataba wa utumishi, mfuko wa wakfu na mkopo mwema, na wananchi waelezwe mpango huo katika kila shehia. Waliokopa na wana kazi waanze kulipa mwezi huu, bila ya kungoja barua. Na wenye nyumba zaidi ya moja wajiulize ni ipi kati ya hizo wangependa iendelee kuwaombea dua baada yao.

Yule mzee wa Pemba hakuomba bure. Alitaka njia ya kumsomesha binti yake ambayo haitamtia aibu mbele ya mwalimu wake wa chuoni wala mwalimu wake wa skuli. Walimu wale hawakuwa wakigombana hata mara moja. Sisi ndio ambao hatujamaliza kuijenga njia inayowakutanisha.