Zahanati Iliyozaliwa Maskini

Mjadala wa bima ya afya kwa wote umerudisha swali ambalo nchi hii imelikabili kwa takriban miaka mia moja: nani alipie huduma iliyo karibu zaidi na mwananchi? Aghalabu tunalijadili kana kwamba limezuka jana. Maoni yangu ni kwamba hatutalijibu vyema mpaka tutambue jinsi Idara ya Tiba ya Tanganyika ilivyolijibu, kwa kuwa jibu lake lingali linafanya kazi katika zahanati za pembezoni mwa jiji, Segerea ikiwamo.

Chini ya Wajerumani utengano ulikuwa wazi. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walipata hospitali iliyotokana na sadaka ya mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake lingalipo katika jengo mojawapo la Muhimbili. Tiba ya mwenyeji, tangu mwanzo, ilitafutiwa mfuko wa pembeni.

Waingereza waliufanya mfuko huo wa pembeni kuwa utaratibu wa serikali. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya Serikali za Wenyeji. Machifu na mabaraza yao wakawa na hazina zao, zilizojazwa kwa sehemu ya kodi iliyokusanywa kwa wananchi wao. Katika kipindi hichohicho Dakta J. O. Shircore, aliyeiongoza Idara ya Tiba, alianzisha mpango wa zahanati za vijijini. Vijana waliojua kusoma na kuandika walipewa mafunzo mafupi katika hospitali za serikali, wakarudi kwao wakiwa madresa wa kutibu vidonda, homa na buba. Daktari wa serikali aliwakagua, lakini mishahara yao na gharama za kuendesha zahanati zilibebwa na hazina ya wenyeji.

Mpango huo ulikuwa na jema lake. Uliifikisha dawa mahali ambapo daktari asingefika, na wananchi walijua kwamba zahanati ni yao. Hata hivyo, tuutazame mgawanyo wa mzigo. Mkulima alilipa kodi. Sehemu ya kodi hiyo ilikwenda serikali kuu, iliyoendesha hospitali za mijini. Sehemu iliyorudi kwake ndiyo iliyotakiwa kumlipa chifu, karani, mwalimu na dresa. Eneo lenye kahawa au pamba liliweza kuwa na zahanati bora kuliko eneo lenye ukame, ingawa maradhi hayakufuata mgawanyo huo. Unyonge wa zahanati, basi, haukuwa bahati mbaya. Ulikuwamo katika ramani ya bajeti yenyewe.

Urithi wa pili ni wa kiutawala. Dresa alikuwa na mabwana wawili: aliyemlipa hakujua tiba, na aliyejua tiba hakumlipa. Dawa zilipokwisha, kila upande uliweza kuuelekezea mwingine kidole. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi.

Uhuru ulibadili mengi. Ripoti ya Titmuss ya mwaka 1964 ilishauri kinga na vituo vya afya vitangulizwe mbele ya hospitali kubwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati na vituo vya afya vilienea kwa kasi ambayo ukoloni haukuwahi kuikaribia. Lakini uchumi ulipoyumba, uchangiaji wa gharama ukarejeshwa mwaka 1993, na mzigo ukamwelemea tena mgonjwa.

Sasa tutazame Segerea. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa nje ya mji. Mwaka 1957 Dar es Salaam yote ilikuwa na watu wapatao 129,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3 mkoani. Mji umevifuata vilivyokuwa vijiji, lakini zahanati imebaki na umbo la kijiji: watumishi wachache, dawa chache, maabara ndogo. Mama mwenye mtoto anayeungua kwa homa huipita, akapanda daladala hadi Amana, hospitali ya rufaa ya mkoa, akapange foleni pamoja na wenye maradhi mazito. Tunamlaumu kwa kutofuata ngazi za rufaa. Tungeanza kwa kuuliza ngazi ya kwanza imewekewa nini.

Mabwana wawili nao wapo. Miongozo ya kitaalamu hutoka Wizara ya Afya; watumishi wa zahanati wapo chini ya halmashauri na TAMISEMI. Hatua ya kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za vituo, iliyoanza mwaka wa fedha 2017/18, ni mojawapo ya mageuzi makubwa zaidi katika historia hii, kwa sababu imempa mganga mfawidhi uwezo wa kuamua. Isirudishwe nyuma.

Hofu yangu ni kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Bima inayolipa kwa kila kipimo na kila upasuaji hupeleka fedha kwenye vipimo na upasuaji vingi, yaani hospitali kubwa. Tukiiacha hivyo, tutakuwa tumeurudisha mpangilio wa kale kwa jina jipya. Ninapendekeza zahanati ilipwe kwanza, na ilipwe kwa idadi ya watu inaowahudumia, wawe wagonjwa au wazima, ili kinga nayo iwe na fungu lake. Eneo maskini liongezewe kutoka mfuko wa taifa, lisiachiwe mapato yake pekee.

Wapo watakaosema kwamba fedha za mahali hujenga umiliki. Ni kweli, lakini umiliki hujengwa pia kwa kushiriki katika uamuzi. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Mhudumu mwenzangu, bandika ukutani mapato na matumizi ya kituo chako kila robo mwaka. Nawe mgonjwa, mjue mwakilishi wako katika kamati hiyo, umuulize fedha zilizoingia zilikuwa ngapi na zilinunua nini. Dresa wa mwaka 1926 na wagonjwa wake hawakuwa na pa kuuliza swali hilo. Sisi tunapo.