Uzoefu Utapatikana Wapi?

Wenye viwanda vya nguo wana kasumba moja wasiyotaka kuiacha. Wakitangaza kazi ya mhandisi wa viwanda, hudai uzoefu wa miaka mitano. Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi umefundishwa tangu 1973, hupeleka barua na vyeti vyake, hajibiwi. Kisha husemwa kwamba mzalendo anayefaa hakupatikana, na mtaalamu huletwa kwa ndege.

Mtaalamu wa nini? Mhandisi huyo (ambaye wengine humdhani fundi wa cherehani!) hupima kwa saa sekunde anazotumia mshonaji kutia kola au mfuko, kisha hupanga safu ya cherehani ili kazi isirundikane kwa mmoja na mwingine akae bure. Hesabu zake hufundishwa darasani. Yaliyobaki hufundishwa kiwandani, wala si penginepo.

Mwaka 1979 kampuni ya Desh ya Bangladesh, nchi ambayo wakati huo karibu haikuuza nguo nje, iliwapeleka watu 130 kujifunza katika kiwanda cha Daewoo, Korea ya Kusini. Waliporudi, wengi wao hatimaye walianzisha au kuendesha viwanda vingine. Leo Bangladesh huvisha dunia kwa pamba ya kuagiza. Tanzania, yenye pamba yake, huiuza iliyo nyingi bila kusokotwa.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 humtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Watanzania. Basi ofisa anayeombwa kibali asiridhike na karatasi. Aulize: barua za vijana ziko wapi, na ni nani aliyezisoma?