Benki ya kwenye mchezo na sanduku la kufuli tatu

MAMA muuza dagaa wa soko la Tabora anaposema wiki hii hana fedha kwa kuwa "yuko kwenye mchezo", hana maana kwamba amecheza karata. Mchezo ni upatu. Watu kumi wanatoa kiasi kile kile kila wiki, na kila wiki mmoja wao anaondoka na fedha zote. Anayezikusanya anaitwa kijumbe, na biashara nyingi ndogo za Tabora, Nzega na Urambo zilipata mtaji wa kwanza kutoka mkononi mwa mtu kama huyo.

Upo mchezo mwingine, wa mbali kabisa na soko hilo, ambao wenye vikundi vya akiba wangefaa kusikia habari zake. Unaitwa EVE Online. Ulianza Mei 2003 na wenye nao ni kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland. Unachezwa kwa kompyuta kupitia intaneti, na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali wanakutana humo kwa wakati mmoja.

Hadithi yake ni ya kubuni: binadamu wa maelfu ya miaka ijayo, wanaoishi kwenye nyota za mbali na kusafiri kwa vyombo vya angani. Lakini kazi wanazofanya humo mkazi wa Tabora anazifahamu. Wanachimba madini, wanasafirisha mizigo kwenye njia zenye majambazi, wananunua penye bei ya chini na kwenda kuuza penye bei ya juu. Bei haipangwi na kampuni. Inapanda na kushuka kwa kadiri wachezaji wanavyohitaji bidhaa.

Soko hilo lilikua kiasi kwamba mwaka 2007 CCP iliajiri mchumi mwenye shahada ya uzamivu, Eyjólfur Guðmundsson, ili afuatilie bei na mzunguko wa fedha za mchezo. Fedha hizo ni tarakimu tu kwenye kompyuta, ingawa siku hizi hilo linaweza kusemwa pia juu ya salio la simu.

Ndani ya mchezo wachezaji huanzisha kampuni zao, na baadhi yao walianzisha benki. Mchezaji aliweka amana, akaahidiwa riba, na benki ikawakopesha wengine waliotaka kununua vyombo au bidhaa. Mwaka 2006 mojawapo, EVE Intergalactic Bank, ilianguka baada ya mchezaji aliyeiendesha kuondoka na fedha za wateja.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo hakuna ambaye angeweka tena hata senti. Haikuwa hivyo. Ilikuja benki nyingine, Ebank, iliyoonekana kuwa na utaratibu mzuri zaidi. Ilikuwa na wakurugenzi, hesabu na wateja wengi, na watu walilipwa riba zao, nao wakawaambia wenzao.

Mwaka 2009 mkuu wake, aliyejulikana kwenye mchezo kwa jina la Ricdic, alichota bilioni 200 za fedha hizo za kufikirika. Akazipeleka nje ya mchezo na kuwauzia watu wanaonunua fedha za namna hiyo kwa fedha halisi. Alipata dola 6,300 za Australia. Alieleza mwenyewe kwamba alizitumia kulipia malipo ya awali ya nyumba na gharama za matibabu.

Habari zilipotoka, wateja walikimbilia kutoa fedha zao, kama inavyokuwa kwa benki yoyote inayonong'onwa. Kilichofuata kinashangaza zaidi. CCP ilimfukuza Ricdic kwenye mchezo, lakini kosa lake halikuwa wizi. Sheria za mchezo huo zinaruhusu mchezaji kumwibia mwenzake. Alifukuzwa kwa kuuza fedha za mchezo kwa fedha za kweli, jambo ambalo kampuni inalikataza kwa ajili ya biashara yake yenyewe. Waliopoteza amana hawakuwa na pa kushitaki.

Ni rahisi kuiacha habari hii iwe kichekesho cha watu wenye muda mwingi wa kupoteza. Lakini Tabora ni mji uliojengwa na biashara ya kumwamini mtu aliye mbali, na tatizo la Ebank ni la zamani kuliko umeme.

Katika karne ya 19 Unyanyembe, mahali ambapo wageni walipaita Kazeh, palikuwa kituo kikuu cha misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo ikagawanyika: moja kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walipandisha bara vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba. Zilizoteremka pwani zilikuwa pembe za ndovu na, kwa huzuni, watumwa.

Sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa ya mkopo. Matajiri wa Unguja, akiwamo Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa bidhaa na kusubiri pembe, mara nyingine kwa miaka. Hapakuwa na simu ya kuuliza msafara umefika wapi. Kilichomlinda mkopeshaji ni kwamba mkopaji alikuwa na ndugu pwani, nyumba, shamba na jina. Hata hivyo ulinzi huo haukutosha kila mara. Wapo wafanyabiashara waliozidiwa na madeni wakaamua kubaki bara moja kwa moja, maana kurudi pwani kulikuwa kukutana na mdai.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1871 huko Ujiji, mwisho wa njia hiyo. David Livingstone alirudi Oktoba, mgonjwa na amechoka, akitegemea kukuta bidhaa zilizotumwa kwa ajili yake kutoka pwani. Hakukuta kitu. Aliyekabidhiwa, mtu aliyeitwa Sherif, alikuwa ameziuza zote na kununua pembe. Maelezo yake yalikuwa kwamba alipiga ramli na ramli ikaonyesha mwenye mali amekwishakufa. Wakazi wa Ujiji waliona na wakalaumu, lakini mtu wa kuzuia mali isiuzwe hakuwapo. Funguo zote zilikuwa kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo Sherif na Ricdic wanapofanana. Ramli ya mmoja na bili ya matibabu ya mwingine ni sababu tofauti, lakini wote wawili waliweza kuondoa mali ya watu bila kumwomba mtu wa pili aweke saini.

Tanzania nayo ilikuwa na yake mwaka ule ule wa Ebank. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, kampuni iliyowataka watu "wapande mbegu" na kurudi baadaye "kuvuna". Lugha ilichaguliwa kwa akili: mkulima haogopi kupanda. Wa kwanza walivuna kweli, kwa mbegu za waliofuata. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake.

Miaka michache baadaye wakulima na wafanyakazi walisogezewa Mr Kuku Farmers, kampuni iliyopokea mitaji kwa ahadi ya faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne, na asilimia 90 ndani ya miezi sita. Aliyewahi kufuga kuku anajua bei ya chakula, anajua mdondo, na anajua kwamba hakuna banda linalotoa asilimia 90 kwa kila anayeleta fedha. Lakini walipeleka. Mwaka 2021 mkurugenzi wake alitiwa hatiani, na mahakama ikaamuru zaidi ya Sh5 bilioni zitaifishwe. Mwananchi anayesoma hukumu ya namna hiyo asidhani ni risiti ya kurudishiwa mtaji wake.

Juu ya kampuni hizo kubwa mengi yamekwishasemwa. Linalosemwa kidogo ni lile linalotokea vijijini bila kampuni yoyote, katika vikundi vya watu wanaofahamiana.

Utaratibu wa vikundi vya hisa na mikopo ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika, na Tanzania ukashika mizizi pamoja na VICOBA. Kifaa chake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu, sanduku kwa wa nne. Linafunguliwa mbele ya mkutano, fedha zinahesabiwa kwa sauti, na kila mmoja anaondoka akikumbuka kiasi kilichobaki.

Waliobuni sanduku hilo hawakuwa wataalamu wa kompyuta, lakini walijibu swali ambalo wakurugenzi wa Ebank, pamoja na mitambo yao yote, hawakulijibu. Mwenye sanduku akishawishika usiku, hana funguo. Mwenye ufunguo akipata shida, hana sanduku.

Sasa sanduku linawekwa kando. Sababu zinaeleweka. Majambazi wanajua siku ya mkutano, noti zinaliwa na mchwa, na wakala wa simu yuko hatua chache. Kwa hiyo vikundi vingi huweka fedha kwenye laini ya simu ya mweka hazina. Ni haraka, na kila mtu anafurahi.

Lakini laini hiyo ina namba ya siri moja, anayoijua mtu mmoja. Kikundi kilichokuwa na kufuli tatu kimebaki na moja, nayo iko mfukoni mwa anayelinda mali. Kinachoitwa maendeleo hapo ni kurudi Ujiji ya mwaka 1871.

Wanaotetea utaratibu huo husema mweka hazina wao ni mcha Mungu, mzaliwa wa hapa, na hajawahi kula hata mia ya mtu. Inawezekana kabisa. Ricdic naye aliaminiwa na maelfu mpaka siku aliyoondoka. Kumwachia mtu mwema fedha za watu 30 peke yake, katika mwezi ambao mtoto wake amelazwa, ni kumwonea.

Dawa ipo na haina gharama kubwa. Tangu 2019 Vodacom na benki ambayo sasa ni TCB wana huduma ya M-Koba kwa ajili ya vikundi, ambayo fedha haitoki kwa idhini ya mtu mmoja. Akaunti ya kikundi benki, yenye watia saini watatu, inafanya kazi hiyo hiyo. Kikundi kisichotaka vyote viwili kirudishe sanduku.

Upande wa sheria nao unafaa kujulikana sokoni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeweka madaraja manne. Kampuni za mikopo za daraja la pili haziruhusiwi kupokea amana za wananchi. Zinakopesha tu. SACCOS ziko daraja la tatu na leseni zake hutolewa kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vya kijamii ni daraja la nne na husajiliwa halmashauri. Anayepita na fomu akiomba akiba za watu aulizwe yuko daraja gani, na ajibu kwa karatasi.

Aidha, ikumbukwe kwamba Bodi ya Bima ya Amana humlinda mteja wa benki, na tangu 2023 kinga hiyo inafika Sh7.5 milioni. Haimfikii aliyeibiwa na mweka hazina, wala aliyepanda mbegu.

Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge, muda wa kuuliza maswali haya ni kabla masoko hayajafunguliwa. Malipo yakishaingia, mji unajaa pikipiki mpya, mabati na watu wenye mipango mizuri kwa ajili ya fedha za wenzao. Muuza dagaa naye anajua kwamba wiki hizo ndizo kijumbe anapozungukwa na maombi ya kukopeshwa "kidogo tu, mpaka Jumamosi".

Ricdic aliulizwa na waandishi wa habari kama anajuta. Alijibu kwamba haoni fahari kwa alichofanya, lakini katika hali ile ile pengine angefanya vile vile tena.