Chumvi shambani: mbegu stahimilivu haitoshi pasipo mifereji ya kutolea maji

Katika taarifa za miradi ya umwagiliaji, takwimu inayotangulia huwa ni ukubwa wa eneo: hekta ngapi zimefikiwa na maji na wakulima wangapi wamenufaika. Ni takwimu halali, ila haielezi maji hayo huelekea wapi yakishapita shambani. Katika mabonde makavu ya Mkoa wa Kilimanjaro, ambako skimu za Lower Moshi na Ndungu zimezalisha mpunga kwa miongo kadhaa, suala hilo ni zito, kwa kuwa sehemu ya ardhi yake imeathiriwa na kile ambacho wakulima hukiita magadi.

Hesabu yake ni nyepesi. Maji yenye nusu gramu tu ya chumvi katika kila lita huonekana safi na hunyweka. Hekta moja ikipokea meta za ujazo 10,000 za maji hayo kwa msimu, itakuwa imepokea tani 5 za chumvi. Jua huyachukua maji, chumvi hubaki. Pasipo njia ya kuiondoa, msimu unaofuata huongeza juu ya ile iliyokwisha kulundikana.

Mmea huitambua hali hiyo mapema kuliko mkulima. Katika utando wa seli za mizizi zimo protini ziitwazo akwaporini, ambazo ni vijia vyembamba vinavyopitisha maji. Peter Agre wa Marekani alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa ugunduzi wake. Mwaka 2005 watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walieleza jinsi mizizi ya mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, ilivyoitikia maji yenye takriban gramu 6 za chumvi kwa lita, yaani kama sehemu moja ya sita ya chumvi ya bahari. Uwezo wa mizizi kupitisha maji ulishuka kwa asilimia 70, na nusu ya mshuko huo ilitimia ndani ya dakika 45. Katika saa zilizofuata, baadhi ya akwaporini ziliondolewa kwenye utando na kurudishwa ndani ya seli.

Kwa maneno mengine, mzizi hufunga milango yake. Hatua hiyo inaweza kuusaidia mmea usipoteze maji kwa udongo ulioyashikilia kwa nguvu, lakini ina gharama: jani lisilopata maji ya kutosha hufunga vitundu vyake, hupokea hewa ya ukaa kidogo na hutengeneza chakula kidogo. Ndiyo maana shamba linaweza kuwa na maji tele huku mpunga ukionesha dalili za kiu.

Mpunga ni miongoni mwa nafaka dhaifu zaidi mbele ya chumvi. Kwa vipimo vinavyotumika kimataifa, mavuno yake huanza kushuka chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 3 kwa mita, na hupungua kwa takriban asilimia 12 kwa kila kipimo kimoja kinachoongezeka. Shayiri huvumilia hadi 8. Vipindi vya hatari zaidi kwa mpunga ni uchanga wa mche na wakati wa kutoa maua.

Hapa ndipo utafiti wa mbegu unapopata thamani yake. Aina za asili kutoka India, hususan Pokkali ya Kerala, zimewapa watafiti vinasaba vinavyosaidia mmea kuiondoa sodiamu katika mirija ya kupandisha maji kabla haijafika kwenye majani. Hata hivyo, mbegu ya namna hiyo huvumilia chumvi tu, haiipunguzi ardhini. Ikipandwa katika skimu isiyo na mifereji ya kutolea maji, humpa mkulima misimu michache ya nafuu huku tatizo likikua chini ya miguu yake.

Tiba ya udongo nayo hutofautiana. Chumvi ya kawaida huoshwa kwa maji safi ya ziada, mradi yawe na pa kutokea. Udongo wenye sodiamu nyingi, ambao hushikamana na kuwa mgumu, huhitaji kwanza jasi ili kalisi ichukue nafasi ya sodiamu, kisha uoshwe. Jasi huchimbwa Makanya, katika Wilaya ya Same ilimo skimu ya Ndungu, hivyo umbali si kikwazo kikubwa. Kule Pemba, ambako maji ya bahari huingia katika mabonde ya mpunga, kazi ya kwanza ni matuta ya kuyazuia.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2024 kwamba ardhi iliyoathiriwa na chumvi duniani ni takriban hekta bilioni 1.4, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nchi kavu. Kwa mwananchi anayefuatilia uzinduzi wa skimu, mambo mawili yanastahili kutafutwa katika taarifa kando ya idadi ya hekta: urefu wa mifereji ya kutolea maji, na kipimo cha chumvi ya udongo kabla ya ujenzi. Kipimo hicho hakihitaji gharama kubwa, na kikirudiwa kila baada ya mavuno, maafisa ugani na vyama vya wamwagiliaji wataiona chumvi ikipanda kabla ya majani kuanza kukauka ncha.