Baba mudogo si muzazi mbele ya ofisi ya chuo

Mu familia nyingi za wafanyakazi wa migodi, tangu Likasi mupaka Kolwezi, kuna neno moja linazunguka: "Tumutume mutoto kwa baba mudogo wake mu Marekani, kule atasoma kwa bei ya wenyeji." Ni neno la matumaini. Lakini mimi nasema: musitoe hata dola moja mbele ya kuelewa ile bei ni ya nani.

Hapa kwetu chuo kikuu cha serikali ni cha inchi yote. Marekani haiko vile. Kule kuna majimbo 50, na kila jimbo lina vyuo vyake, vinavyosaidiwa na kodi ya wakaaji wake. Njo maana mutoto wa mukaaji analipa minervali kidogo. Anayetoka jimbo lingine, hata akiwa Mumarekani kabisa, analipa mingi. Mu mwaka wa masomo 2023-2024, mu vyuo vya serikali vya miaka mine, mwenyeji alilipa kwa wastani karibu dola 11,260, mugeni karibu dola 29,150. Chakula na nyumba havimo. Ile tofauti peke yake inapita mushahara wa mwaka muzima wa wachimbaji wengi.

Basi, mwenyeji ni nani? Majimbo mengi yanaomba mambo mawili: ukae pale miezi 12 mbele ya masomo kuanza, na uonyeshe kama ulikuja kuishi, si kusoma tu. Wanaangalia kontra ya nyumba, kazi, kodi uliyolipa, permi ya gari. Mwaka 1973, mu kesi ya Vlandis v. Kline, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kumufunga mwanafunzi mu jina la mugeni bila kumupa nafasi ya kuonyesha kama amekuwa mwenyeji. Lakini kazi ya kuonyesha ni yake.

Hapo njo shida yetu inaanzia. Mutoto anayeingia na viza ya mwanafunzi, ile F-1, amesema mbele ya konsili kama atarudi kwao. Hawezi kugeuka na kusema amehamia. Mu majimbo mengi, hata akikaa miaka mine, anabaki mugeni.

Tena, kwa mutoto ambaye bado analishwa na wazazi, ofisi inauliza wazazi wanakaa wapi. Kwetu baba mudogo ni baba: anapokea mahari, anakaa mu matanga. Kule, kama tribinali haikumufanya mulezi, yeye ni ndugu tu. Na karatasi ya ulezi iliyotafutwa juu ya minervali peke yake, majimbo mengi yanaikataa.

Wako wenye njia wazi. Wale walioingia kama wakimbizi, wengi wakipitia kambi ya Nyarugusu mu Tanzania, na wale wenye karte ya kijani, wanaweza kuwa wenyeji. Kwao shauri langu ni moja: muhesabu miezi 12 kwanza. Kufanya kazi mwaka moja mbele ya kuingia chuo si kupoteza wakati. Lakini mutu asijiandikishe kupiga kura ili apate ushahidi: kura ni ya raia tu, na asiye raia anaweza kufukuzwa inchini juu ya ile karatasi.

Kuna watakaosema sheria hii haina huruma. Ni ngumu, kweli, lakini haikufichwa. Kila chuo kinaiandika wazi. Lawama yangu iko kwa ndugu wa kule wanaoahidi bila kuuliza. Yaya, baba mudogo, mbele ya kusema "mumulete", nenda ku ofisi ya chuo, uliza, na utume jibu la maandishi.

Na wewe muzazi, uliza maneno matatu: Mutoto ataingia na viza gani? Nani ni mulezi wake mbele ya sheria? Miezi 12 itaanza kuhesabiwa siku gani? Kama hakuna anayejibu, acha feza ibaki. UNILU iko karibu, na mwaka wa kwanza unaoisha ni bora kuliko safari inayokatika katikati juu ya deni.