Nambari za Maabara si Alama za Mtihani

Mwanafunzi wangu aliniletea karatasi ya maabara ya mamake, akauliza: “Mwalimu, potasiamu 2.9 ni kufeli?” Nilimwambia amrudishe mama kwa daktari siku hiyo hiyo. Kisha nikaona haya, kwani ndivyo tulivyomfunza kusoma kila nambari.

Kiwango cha kawaida katika damu ni takriban milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Kikishuka mno, misuli hulegea na moyo waweza kupiga ovyo. Lakini damu husema tu kwamba kuna upungufu. Mkojo ndio hudokeza sababu. Potasiamu ikiwa haba katika mkojo pia, figo zinaihifadhi, na huenda imepotea kwa kuhara. Ikiwa nyingi, figo zenyewe zinaimwaga, pengine kwa sababu ya dawa za kuongeza mkojo. Tena damu ikitolewa vibaya, chembechembe hupasuka na nambari ikapanda bure.

Walimu wenzangu, kukariri viwango si kuelimika. Tumzoeze mtoto kuuliza: kilichopungua kimepotelea wapi? Swali hilo halitahiniwi, lakini siku moja mzazi wake atalihitaji.