WAMEVUNJA WAO, MBONA ULIPE WEWE?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali la kijiweni. Umempelekea fundi cherehani suruali yako aipunguze urefu, akaichoma kwa pasi. Nani analipa? Utanijibu fundi, tena bila kufikiri mara mbili. Sasa kwa nini ukipeleka gari dukani kufunga tairi, likatoka na ugonjwa ambao halikuingia nao, anayelipa ni wewe dereva, mtoto wa mlalahoi?

Sitanii. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, jina lake nalihifadhi maana kibarua bado anakihitaji, ni dereva wa bosi mmoja hapa Dar es Salaam. Bosi ana jipu la mtumba lililotoka Uingereza. Kijana analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Siku moja alitumwa akafunge tairi nne mpya. Vijana wa dukani wakalivamia jipu kwa jeki na mitaimbo, saa moja baadaye kazi kwisha, akalipa, akaondoka.

Hakufika mbali. Taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye umbo la kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati, ikaanza kupepesa. Ikapepesa kama dakika moja hivi, kisha ikabaki inawaka moja kwa moja. Akageuza gari, akarudi dukani. Unajua alijibiwa nini? "Hiyo taa si kitu, mwanangu. Ukitaka tunakuzimia."

Alipokataa, wakamgeuka, eti alikuja nayo vile vile. Akaenda duka la pili, akauziwa sensa iliyotumika kwa shilingi 90,000 kutoka mfukoni mwake. Taa wala haikujali. Mwishowe bosi akalipeleka jipu kwa wenye kompyuta, akaambiwa sensa ya gurudumu moja la nyuma imepasuka. Kuweka mpya na kuitambulisha kwenye gari, shilingi 300,000. Nani kalipa? Kijana. Anakatwa 100,000 kila mwisho wa mwezi, miezi mitatu mfululizo.

Sensa ninayoisema hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kidude kidogo kinachokaa ndani ya gurudumu, kwenye rimu, mara nyingi kikiwa kimeshikana na valvu, pale unapojazia upepo. Kina betri yake ndani. Kinapima upepo wa tairi na kupeleka habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Upepo ukipungua, taa inawaka na kutulia. Taa ikipepesa kwanza ndipo ikatulia, kwa magari mengi maana yake ni nyingine: mfumo wenyewe ni mbovu, hauoni tena. Kwa hiyo jipu la yule kijana lilikuwa linasema waziwazi limeumizwa. Hakuwepo wa kulisikiliza.

Utasema, ah, haya ni mambo ya wenye majipu, yananihusu nini mimi wa daladala? Yanakuhusu. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila inapozunguka. Kujikunja kunaleta joto, na joto linaachanisha matabaka ya tairi mpaka inapasuka ukiwa kwenye mwendo. Likipasuka, gari halimuulizi mtu ana cheo gani. Na anayekaa kwenye usukani wa hayo majipu si kigogo. Kigogo amekaa nyuma anasoma gazeti. Kwenye usukani ni wewe.

Tena kidude hiki hakikuletwa kwa huruma ya matajiri. Mwaka 2000 kule Marekani, kampuni ya Firestone ilibidi irudishe mamilioni ya tairi zilizokuwa zikibanduka na kupasuka barabarani, nyingi zikiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Serikali yao ilihesabu vifo zaidi ya 200 vilivyohusishwa na tairi hizo. Wananchi wakaja juu. Bunge la kule likawaita wakubwa wa kampuni zote mbili, likawahoji mbele ya kamera, na kabla mwaka haujaisha sheria ikawa imepita. Tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa kule ni lazima limtahadharishe dereva upepo ukishuka kwa asilimia 25. Ulaya nao wakafuata, na tangu Novemba 2014 magari yao yote mapya ya abiria yana mfumo huo. Hayo ndiyo magari yanayoshushwa bandarini kwetu leo yakiitwa mtumba. Hilo ndilo Bunge lenye meno. La kwetu linapiga makofi.

Sasa sikiliza jinsi sensa inavyovunjwa, ili kesho usiingizwe mjini. Kwanza, mtaimbo. Fundi asiyejua kilichomo ndani anaubanua ukingo wa tairi pale pale kwenye valvu, na sensa inapasuka. Hata mwenye mashine anaivunja asipoangalia valvu iko upande gani. Pili, nati. Wengine wanaikaza kama nati ya lori, shingo ya valvu inakatika. Tatu, kile kipini cha ndani ya valvu. Valvu nyingi za sensa ni za aluminiamu na zinataka kipini chenye rangi ya fedha. Wanakuwekea cha shaba cha bei poa, na kwa chumvi ya hewa ya pwani vyuma hivyo viwili vinalana mpaka vinagandana. Siku ukitaka kujaza upepo, valvu inakatika mkononi.

Nne, na hapa ndipo walipompatia yule kijana, ni mawimbi. Gari la Uingereza na Ulaya husikiliza masafa ya megahezi 433. Gari la Marekani kwa kawaida ni 315. Ukichukua sensa ya gari la Marekani ukaifunga kwenye jipu la Uingereza, ni sawa na kumtafuta mtangazaji wa stesheni moja kwenye stesheni nyingine. Utasubiri hadi jogoo atage. Na hata masafa yakilingana, kwenye magari mengi sensa mpya lazima itambulishwe kwa kompyuta ya gari, la sivyo gari haliijui. Tena yapo magari yasiyo na sensa kabisa ndani ya gurudumu. Hayo hukisia upepo kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia mfumo wa breki, na dawa yake baada ya kubadili tairi ni kujaza upepo sawasawa na kubonyeza kitufe cha kuanza upya. Lakini mjanja wa mjini atakuuzia sensa nne hata kwa gari hilo!

Nirudi kwenye ile kauli ya "tunakuzimia". Hapo, ndugu msomaji, nilicheka kwa uchungu, maana nimeisikia kabla, na si kwa fundi tairi. Mwaka 2012 gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa bila kuambiwa mwisho wake lini. Mwaka 2016 Mawio likafutwa. Juni 2020 Tanzania Daima likanyang'anywa leseni. Ilipofika Februari 2022 ndipo leseni za magazeti hayo, pamoja na Mseto, zikarudishwa. Nauliza tu: miaka yote hiyo taa ilipokuwa imezimwa, upepo uliongezeka kwenye tairi? Fundi anayezima taa amejifunza wapi tabia hiyo, kama si kwa wakubwa zake?

Maana sitaki umlaumu fundi peke yake ukadhani umemaliza. Yule kijana mwenye mtaimbo ni mwenzako. Ujuzi ameupatia chini ya mwembe, kwa kumtazama kaka yake. Gari linaposhuka bandarini linalipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani, na likiwa kuukuu na ile tunayoiita kodi ya uchakavu. Duka la tairi linalipia leseni. Kila mtu amekula hapo. Nani amekwenda kwenye kijiwe cha pancha kumwonyesha fundi sensa iko wapi? VETA ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na ina utaratibu wa kuwarasimisha mafundi wa mtaani. Vizuri. Lakini cheti cha kazi unayoijua tayari si mafunzo ya kazi usiyoijua. Serikali imeruhusu gari la kisasa liingie, ikachukua chake, ikawaacha vijana wawili wa Kitanzania, dereva na fundi, wagombane barabarani juu ya kidude kilichotoka Ulaya.

Sasa tuje kwenye haki yako, maana hii hawakuambii. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema anayepokea mali ya mwenzake lazima aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza yake. Duka lililopokea gari zima na kurudisha bovu lina la kujibu. Na bosi naye asijifanye mungu-mtu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu kukata mshahara wa dereva kwa hasara ovyo ovyo. Lazima hasara itokane na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima bosi aandike kwa karatasi sababu, kiasi na alivyokipata. Lazima mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yote yasizidi robo ya ujira. Robo ya 300,000 ni 75,000. Yule kijana anakatwa 100,000, bila karatasi, kwa kosa la mtu mwingine! Mahali pa kulalamika ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Kwa nini hakujua? Kwa sababu kwa miaka mingi sheria hizi ziliandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini. Ni mwaka 2021 tu ambapo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Karibu miaka 60 baada ya Uhuru! Mtu anatawaliwa kwa lugha asiyoisoma, halafu anaambiwa kutojua sheria si kisingizio.

Basi kabla hujakabidhi gari kwa fundi tairi yeyote, fanya hivi. Fungua swichi bila kuwasha injini, umwonyeshe fundi: taa ya upepo inawaka sekunde chache kisha inazimika. Ndiyo ushahidi kwamba umeleta gari zima, na ukiweza piga picha ya video kwa simu. Kama haiwaki kabisa, ujue yuko aliyekwisha kuiua kabla yako, kamwambie bosi siku hiyo hiyo. Mwambie fundi kwa mdomo wako kuwa ndani mna sensa, asiguse upande wa valvu kwa mtaimbo. Simama pale pale, usiende kunywa soda. Upepo ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni upande wa dereva, si kwa kukisia kwa teke. Kama kibandiko kinasema 32, taa itangoja hadi karibu na 24 ndipo ikuambie, kwa hiyo geji bado ni rafiki yako. Dai risiti iliyoandika kazi iliyofanyika. Washa tena, endesha kidogo, rudi. Taa ikipepesa, usiondoke.

Betri ya sensa nayo ina mwisho wake, baina ya miaka mitano na kumi. Kama gari ni la mwaka 2014, inawezekana fundi hana hatia. Tusimwonee. Pima kwa kompyuta kwanza, ujue aliyekosa.

Yule kijana nimemwonyesha kifungu cha 28. Alikisoma mara mbili, akakinakili nyuma ya risiti ya dizeli, akakitia mfukoni. Kesho ni mwisho wa mwezi. Anasema safari hii ataomba karatasi.

Na wewe omba yako.